Plasta Juu ya Taa ya Manjano

Nakutegea wewe unayenisoma, na usikimbilie kunipa mji, maana mji siutaki, nataka jibu: ana jicho moja tu na haoni kitu, lakini ukilifumba jicho hilo, anayepofuka ni wewe.

Fikiri taratibu huku nasimulia. Jibu litakuja lenyewe, na likija utatamani kunawa mikono.

Nimefagia hospitali moja miaka kumi na tisa. Nimefuta damu, nimefuta matapishi, nimebeba ndoo ambazo manesi wenyewe walizipita wakiangalia ukutani. Sikuwahi kuona kinyaa. Uchafu wa mgonjwa ni shida yake, hakuutafuta. Kinyaa nilikuja kukijua kwenye chumba ambacho hakikuwahi kuingia mgonjwa hata mmoja. Chumba cha mashine.

Kiko mwisho wa korido ya chini, ukishapita maabara. Mlango wa chuma, dirisha hakuna, na baridi ya kukutoa mafua, kwa sababu mashine zile zinachemka zenyewe zikiachwa bila kipoza hewa. Katikati limesimama kabati jeusi, refu kunishinda mimi nikijinyoosha. Ndani ya kabati ndimo alimokuwa kila mgonjwa: jina lake, damu yake, picha za mifupa yake, dawa aliyopewa jana na atakayopewa kesho.

Msimamizi wa chumba hicho tulimwita Marashi. Alijinyunyizia mpaka ukipishana naye unapiga chafya tatu. Usije ukadhani ni usafi. Yale marashi yalikuwa shuka jeupe juu ya godoro lenye mkojo. Chumba cha mashine alikigeuza friji lake. Nyama aliyonunua asubuhi aliitundika nyuma ya kabati ndani ya mfuko wa plastiki, ipate ubaridi mpaka saa ya kutoka, na mfuko ukivuja, basi umevuja. Kuku alimla mezani, mifupa akaitupia nyuma ya kabati. Kucha, tena za miguu, alizikatia pale pale juu ya kibodi, zikirukaruka kama panzi. Kikombe chake cha chai kilikuwa na utando juu, mnene, wa kijani, ungeweza kuukunja kama leso.

Utaniuliza, na wewe mfagizi ulikuwa wapi? Nilikuwepo. Siku ya kwanza tu nilipoingiza fagio kule nyuma alinizuia.

"Bimkubwa, huko usipeleke fagio. Kuna umeme, utakufa bure."

Nikatii. Mtu wa darasa la saba akiambiwa umeme, anatii. Nilifagia mbele, nikapiga deki mbele, yeye akatia sahihi kwenye karatasi ya usafi bila kunyanyua macho. Mbele pakang'aa. Nyuma pakaoza.

Sasa mjukuu wangu. Ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mwenyewe tangu hajaota meno, na mpaka leo namwita mke mwenzangu. Alisomea mambo ya mtandao, akapata kazi hospitalini kwetu, akawa na miezi saba tu kazini. Wenzake walimwita Fundi. Siku ya kwanza kuingia chumba cha mashine alitoka ameshika tumbo.

"Bibi, kule nyuma kuna mende amekauka ndani ya tundu la waya. Ameshakuwa sehemu ya mtambo."

"Marashi anasema kuna umeme."

"Umeme upo. Lakini umeme haukatazi kufagia, unakataza kumwaga maji. Huyu mtu hataki paonekane tu."

Tunapenda vitendawili, mimi na yeye. Kwa hiyo aliponieleza kazi yake alinitegea: "Nyumba moja ina vyumba kumi na sita. Hakuna chumba chenye mlango wa mbele. Vyote vinatokea uani, na uani kuna milango miwili tu."

Nilihangaika siku mbili, nikataja mzinga wa nyuki, nikataja hindi bichi. Kumbe ni lile kasha la ndani ya kabati. Seva zake ni nyembamba kama daftari, zimepangwa wima kumi na sita, na ndani ya kila moja kuna kadi ya mtandao yenye mikono miwili. Mkono mmoja umeshika swichi ya kwanza iliyo mgongoni mwa kasha, mkono wa pili umeshika swichi ya pili. Hizo swichi ndizo milango ya uani. Taarifa zote za hospitali zinapita hapo.

"Kwa nini miwili?" nilimuuliza.

"Ili ukitaka kutengeneza mmoja, watu wapite wa pili. Mgonjwa hata asijue kama kuna fundi. Ila kabla hujagusa, unahakikisha huo wa pili ni mzima. Unaangalia taa yake. Ya manjano ikiwaka, acha, ondoka, kuna ugonjwa."

Nilicheka. Akasema, "Bibi, ukicheka dirisha liko wazi," maana nina pengo hapa mbele, jino la juu, lilitoka na fundo la muwa siku nyingi.

Usinisahaulie hilo pengo.

Ikafika Jumanne. Swichi mpya ilikuwa imekuja kuchukua nafasi ya ile ya kwanza iliyochakaa, na Fundi ndiye aliyepangiwa kazi. Saa tatu asubuhi. Marashi hakuwepo, alikuwa kwa kinyozi anachongwa ndevu, saa za kazi. Kwenye skrini kuna mahali panapoonyesha afya ya kila swichi, lakini nywila ya kufungulia alikuwa nayo yeye peke yake, ameikalia kama kuku juu ya mayai viza. Fundi akampigia, simu akaiweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mimi nilikuwa nimemshikia tochi.

"Mkuu, nataka kutoa ya kwanza. Ya pili nzima?"

Tukasikia mashine ya kunyolea inavuma. "Si uangalie taa, binti? Ya manjano inawaka?"

Mjukuu wangu akachutama kule nyuma. Lo! Harufu iliyotoka kule ilinipiga usoni kama kitambaa cha deki. Mifupa ya kuku imeota manyoya ya vumbi. Damu ya nyama imekauka sakafuni, ukoko mweusi unaonata kwenye soli. Vumbi limejaza mianya mpaka linaning'inia kama masharubu. Akaziba pua kwa bega, akaangalia swichi ya pili. Taa ya kijani ya umeme inawaka. Ya manjano, hakuna.

"Haiwaki, Mkuu."

"Basi toa. Usinisumbue."

Akatoa.

Ukimya ulikuja kwanza. Halafu nikasikia karani wa maabara anaita koridoni, "Mtandao umekufa!" Dirisha la dawa wakaitikia. Mapokezi wakaitikia. Ghorofa ya juu wakapiga simu.

Mjukuu wangu hakupoteza akili. Alirudisha ile swichi ya zamani pale pale. Lakini ikishatolewa, ukiirudisha inakuwa kama mtu aliyezinduka hajui jina lake. Lazima ipewe upya mipangilio yake, na mipangilio iko nyuma ya nywila. Akampigia Marashi. Simu inaita, haipokelewi. Akapiga mara ishirini na mbili. Baadaye tulijua: alipomaliza ndevu alipitia kula, na simu aliiacha ndani ya koti.

Zikapita saa mbili na nusu. Nilitoka kidogo kuangalia koridoni. Kuna mama alikuwa na mtoto wa kupasuliwa. Damu ilishapimwa jana yake, majibu yamo ndani ya kabati, na daktari hathubutu kugusa kisu bila majibu. Wakamchoma mtoto upya. Alilia, mpaka leo nikikaa kimya namsikia. Mzee mmoja alishikilia kadi yake ya dawa, anauliza kila apitaye, "Mwanangu, mimi natumia kidonge gani?" Hakuna aliyekufa, nashukuru. Lakini watu waliteseka bure, na mimi nimewaona.

Niliporudi, Fundi alikuwa amepiga magoti kule nyuma anafuta. Amechukua kitambaa changu, anakwangua masharubu yale ya vumbi kwa hasira. Akapita juu ya swichi ya pili, kidole kikanasa kwenye kitu. Kipande kidogo, cheusi kama fremu yenyewe. Akakibandua kwa ukucha.

Chini yake taa ya manjano ikaanza kupepesa. Pe, pe, pe. Huenda ilikuwa inapepesa muda wote huo, gizani.

Alikigeuza kile kipande kwenye kiganja. Upande wa ndani kilikuwa bado cheupe. Plasta ya kidonda.

Akanigeukia. "Bibi, nani kabandika hii?"

Mimi nikasema, "Shika tochi, mkono umeniuma."

Jibu la kitendawili changu ndilo hilo: taa ya manjano. Na sasa nikwambie kitu ambacho sikumwambia yeye. Plasta ile niliibandika mimi.

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Wakaguzi walikuwa wanakuja siku ya pili yake. Marashi aliniita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanipitisha nyuma ya kabati kule alikonikataza.

"Bimkubwa, una kitu cha kufunika haka kataa ka manjano? Kananiumiza macho."

Nilikuwa nimejikata kidole, nina roli ya plasta kwenye mfuko wa aproni. Nikaikata kwa meno, nikabandika. Akacheka, "Umemfunga kidonda!" Na mimi nikacheka. Wakaguzi walikuja, wakaona kijani kitupu, wakanywa soda, wakaondoka. Sikuuliza taa ile inasema nini. Nilifurahi kuitwa. Hebu fikiria, mtu mzima na mvi zangu, nilifurahi kuitwa na mtu yule!

Marashi akatokea mchana, ndevu zimechongwa kama mstari wa rula, anajipepea. Akabonyeza nywila yake, dakika tatu, swichi ikaamka. Halafu akatoka koridoni, pale penye watu wengi, akapaza sauti:

"Watoto wa siku hizi! Anachomoa swichi bila kuangalia taa!"

"Nimeangalia, Mkuu. Ilikuwa imezibwa."

"Imezibwa! Na nani, jini?" Watu wakacheka. Watu wenye dhiki wanacheka upesi. "Mjukuu wa mfagizi, ulitegemea nini?"

Jioni mjukuu wangu akapewa barua. Amesimamishwa kazi, kikao Alhamisi saa nne. Akionekana mzembe anafukuzwa, na barua inakwenda kwenye chama cha mafundi. Hakuna hospitali itakayomgusa tena. Miaka minne ya masomo, na usiku wote ule aliosomea kwenye taa ya jikoni kwangu, vinaishia kwenye kipande cha plasta.

Jumatano Marashi alinifuata kwenye stoo ya mafagio. Stoo ile ni ndogo, marashi yake yakaijaza mpaka nikashika ukuta.

"Bimkubwa, tuwe kitu kimoja," akasema kwa upole. "Plasta ya nani? Yako. Mkono wa nani? Wako. Mimi sijabandika kitu. Umebakiza miezi minne ustaafu kwa heshima. Yule binti bado mdogo, atapata kazi nyingine, hata dukani."

"Ulisema inakuumiza macho."

"Nani alisikia?"

Halafu akanipa mfuko. Nyama. Ulikuwa wa baridi, na chini una tone linalojikusanya kudondoka. Ametoka kuutungua kule nyuma ya kabati.

Nisikilize vizuri hapa. Mkono wangu uliupokea. Mdomo haukusema ndiyo, lakini mkono ulipokea, ukanyooka wenyewe kama mkono wa mtu aliyezoea kupokea. Nilitembea na mfuko ule mpaka nyumbani ukidondoka kwenye viatu vyangu, na kila tone nililihisi. Niliutupa shimoni nyuma ya nyumba. Paka wa jirani, mwizi anayejulikana mtaa mzima, alikuja, akanusa, akakunja pua, akaenda zake. Nilinawa mikono kwa sabuni ya kufulia, nikanawa tena kwa jivu. Harufu haikutoka. Ndipo nikajua haiko mkononi.

Jioni mjukuu wangu alikuwa anapiga pasi blauzi yake nyeupe ya kuendea kikaoni. Alipiga kola ile ile mara nne.

"Leo hunitegei, Bibi?"

"Sina kitendawili leo, mke mwenzangu."

"Wewe huna? Basi mwisho wa dunia umefika." Akacheka, lakini cheko halikufika machoni. Akaisimamisha pasi. "Bibi, wewe unaingia kile chumba kila siku. Hujawahi kuona mtu kule nyuma?"

"Kule nyuma nilikatazwa."

Ni kweli, si nilikatazwa? Lakini ukweli ule ulinuka kuliko uongo. Nilikwenda uani nikajifanya naanua nguo, na kamba ilikuwa tupu.

Alhamisi saa nne tukaingia chumba cha mikutano. Meza ndefu, viti vya kuzunguka, jagi la maji na glasi zimefunikwa. Mkurugenzi ni daktari mwanamke, miwani imefungwa mkufu shingoni. Kulia kwake Afisa Utumishi, mwanaume wa kucheka sana. Marashi amekaa upande wa wakubwa. Mjukuu wangu amekaa peke yake upande wa pili, na kola yake imenyooka kama karatasi. Mimi niliitwa kueleza nani huwa anaingia chumba kile. Sikupewa kiti, nikasimama karibu na mlango, mikono nyuma.

Mkurugenzi alikuwa na kile kipande ndani ya kimfuko cha vidonge. Akakiinua kwenye mwanga.

"Msimamizi, unasema nini kuhusu hii?"

"Mheshimiwa, ni mchezo wa kitoto," Marashi akajibu. "Ameharibu, akabandika mwenyewe baadaye apate cha kujitetea. Mimi chumba changu nakijua. Hamna kitu kinabandikwa mle bila mimi kujua."

"Vumbi lake lina umri," Mkurugenzi akasema. "Na haikukatwa kwa mkasi. Imekatwa kwa meno." Akavaa miwani, akasogeza zaidi. "Tena katikati haikukatika sawasawa. Pamebaki kijilimi kinachochomoza. Kama aliyekata hana jino."

Afisa Utumishi akaangua kicheko. "Basi tukague vinywa, Mheshimiwa! Nianze na msimamizi?"

Marashi akacheka naye, meno yake yote thelathini na mawili nje, meupe, yamepangana. Mjukuu wangu hakucheka, lakini midomo yake ilikuwa wazi kidogo kwa kuhema, na meno yake ninayajua, nimeyaona yakiota moja moja. Hakuna pengo. Mimi nilifunga mdomo. Nilifunga kwa nguvu, taya likauma. Mwosha huoshwa, wanasema, na mimi nilikuwa nimesimama pale nasubiri mtu mwingine aje anioshe.

"Fundi," Mkurugenzi akasema, "una neno la mwisho kabla hatujaamua?"

Alisimama. Nilidhani atalia, au atamtukana Marashi, na Mungu anisamehe, nilitamani amtukane, ili kelele zinifiche. Hakufanya hivyo.

"Sina utetezi, Mheshimiwa. Niliangalia taa, nikatoa swichi. Ningepewa kazi ile ile kesho, ningefanya vile vile, kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa. Unaiamini taa. Usipoiamini taa huwezi kugusa kitu. Mimi nina swali tu, na nimeliuliza mara mbili sijajibiwa. Mtoto alichomwa sindano mara mbili Jumanne. Nani kabandika ile plasta?"

Hakuniangalia. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Alikuwa anaangalia jagi la maji, kwa adabu, kama mtu anayemgeuzia mgongo mkubwa wake avae nguo.

Marashi akanitupia jicho. Jicho lile lilikuwa na mfuko wa nyama ndani yake, na miezi minne, na tuwe kitu kimoja. Nilimwona kama nilivyoona kule nyuma ya kabati, ukoko unaonata kwenye soli, na nikaona pia kiatu kilichonatiwa, na kiatu ni changu.

Nikasogea mpaka mezani. Nikafungua mdomo wazi kabisa, dirisha na fremu yake, Mkurugenzi aone, Afisa aone, aliyecheka akome. Halafu nikamgeukia mtoto wangu, maana yeye ndiye aliyeuliza.

"Mimi, mke mwenzangu. Nilibandika mimi, kwa meno haya. Na aliyenipeleka nyuma ya kabati, akaniambia taa inamuumiza macho, ndiye yule pale anayejifuta shingo."